Dhahabu Juu ya Kioo

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nusu ya Kidato cha Pili hawakufika. Njia ya Idsowe ni matope matupu. Nimefundisha joto kwa sufuria na kijiko, kama kila mwaka. Kijiko kikikaa ndani ya chai ya moto, mpini unakuwaje? Unachoma, mwalimu. Kwa nini? Nikawaeleza habari za elektroni zinazobeba joto ndani ya chuma. Wameandika bila kuinua vichwa.

Nyumbani nimemkuta mke wangu Rukia mezani, laptopu wazi, makaratasi yake mpaka kwenye kiti changu. Samahani, akasema. Hakunitazama. Nimekula nimesimama. Mtoto wetu Saumu naye akala amesimama. Ana miaka sita, anaiga kila kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Sokoni muuza samaki kaniita "mume wa daktari". Miaka yote nimekuwa Mwalimu Buya. Sasa ni mume wa daktari, na huyo daktari mwenyewe hata shahada ya uzamivu hajapewa.

Niandike wazi, maana daftari hili halina msomaji. Nina wivu na mke wangu. Si wivu wa mapenzi. Ni ule mwingine, ambao mwanamume hana pa kuupeleka.

Tulikaa dawati moja chuoni mpaka shahada ya pili. Milinganyo ya joto nilimfundisha mimi, kwa kalamu yangu, kwenye ngazi za maktaba. Tukaomba nafasi ile ile Ujerumani, sote wawili. Wakamchukua yeye. Mimi wakanitakia kila la heri. Watu tuliwaambia kwamba mmoja lazima abaki na mtoto. Ilisikika vizuri. Ukweli ni kwamba sikuchagua kubaki. Sikuchaguliwa kwenda.

Sasa yeye anapiga dhahabu kwa leza. Mimi napiga kengele zamu yangu ikifika.

Amekuja kuandika tasnifu, atakaa mpaka mwisho wa Juni. Saumu amezihesabu siku hizo ukutani kwa makaa. Mimi nazihesabu pia, na sijui nataka ziende upesi au polepole.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeshinda Idsowe kwa mkwe wangu. Majirani wamekuja kumwona Rukia. Wamekaa jikoni, mchele unapepetwa, na mkwe akataka aelezwe mbele ya wote mwanawe anafanya nini hasa huko kwenye baridi.

Rukia akaeleza. Alieleza vizuri, ndiyo iliyoniuma. Alisema ndani ya dhahabu kuna atomi, zimekaa mahali pake kama watu wazima mkekani. Katikati yao kuna elektroni, zinakimbia huku na huku kama watoto. Leza inapiga mara moja, kwa kitambo kifupi mno kuliko kupepesa jicho. Wanaopata moto ni watoto tu. Wanakuwa moto kupita kiasi, na watu wazima bado hawajahisi lolote. Ndipo watoto wanaanza kuwagongagonga wakubwa, joto linahama, mpaka wote wanakuwa sawa. "Mimi napima linahama kwa kasi gani," akasema. "Mpigo wa kwanza unachoma. Wa pili unafuata nyuma yake, mdogo, wa kuchungulia tu."

Mkwe akauliza, "Na dhahabu yenyewe wanawaachia?"

Jiko zima likacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Nawe Baba Saumu, shuleni unafundisha hayo hayo?"

"Mimi nafundisha ya kijiko, mama."

Wakacheka tena, zaidi. Nami nikacheka. Nimekuja nalo lile cheko mpaka nyumbani.

Jumapili, 11 Mei

Kuna mtu anaitwa Lukas. Wanafanya kazi maabara moja. Leo wameongea kwa simu, Rukia akiwa uani, mimi nikirekebisha bawaba ya mlango. Anacheka naye. Cheko lile la ngazi za maktaba, nililidhani ni langu.

Nikamsikia akisema kwa Kiingereza, polepole: usimwambie profesa bado, hili libaki kwetu kwanza.

Kwetu. Bawaba imeingia kombo, nimelazimika kuing'oa.

Nilisema juzi kwamba si wivu wa mapenzi. Leo sina hakika.

Jumanne, 13 Mei

Mto umepanda. Rukia amemchukua Saumu wameenda Idsowe kumsaidia bibi yake kuhamisha magunia ya mpunga mahali palipoinuka. Sina kipindi mchana. Nimebaki mimi na makaratasi yake.

Sikuyagusa kwanza. Kisha nikayagusa.

Ni grafu. Kila utando wa dhahabu, lile tabaka jembamba analolipiga leza, una yake: mstari wa hesabu, na nukta za vipimo. Hesabu inasema elektroni zitapoa kwa mwendo huu. Vipimo vinasema hapana, zimepoa upesi zaidi. Kwenye utando mnene tofauti ni ndogo. Kwenye mwembamba inakuwa kubwa. Kwenye ule mwembamba kuliko yote, nukta zimeutoroka mstari kabisa. Pembeni ameweka alama ya kuuliza, kubwa, kwa wino.

Nikapika chai. Nikakaa. Chai ikapoa. Nikaona.

Hesabu yake inaziruhusu elektroni zitoe joto kwa atomi za dhahabu peke yake. Lakini dhahabu haikuning'inia hewani, imelazwa juu ya kioo. Utando ukiwa mwembamba, elektroni inafika chini ingali moto, inagonga pale dhahabu inapokutana na kioo, inaliacha joto huko. Kadiri utando unavyopungua unene ndivyo zinavyogonga mara nyingi zaidi. Joto lina njia mbili za kutokea. Yeye amehesabu moja.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, nikiwa nimesimama katikati ya nyumba. Mashine zote zile, profesa, Lukas wao. Hawajakiona. Nimekiona mimi, huku Garsen, na kikombe cha chai iliyopoa.

Nimeyarudisha makaratasi kama yalivyokuwa. Sitasema.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa tumekula pamoja. Rukia amenitilia mchuzi, kisha akasema, "Baba Saumu, ukipata nafasi uisome sura ya nne ya tasnifu. Kuna kitu nataka tubishane, kama zamani."

Nikasema nina mitihani ya kusahihisha.

Ninayo kweli. Lakini ingeweza kungoja. Nilitaka aendelee kuhangaika. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma tena, na ni kweli.

Akasema haya, si neno. Akaondoa sahani.

Jumatatu, 19 Mei

Kesho ana kikao. Maprofesa watatu, kwa video. Wataamua kama apewe mwaka mmoja zaidi wa maabara. Bila mwaka huo tasnifu itabaki nusu.

Mtandao wa nyumbani umekuwa mbovu tangu mvua zianze. Nimekwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuomba chumba cha kompyuta cha shule. Rukia amenishukuru sana. Amenipigia pasi shati. Sikumwambia kwamba nataka niwepo.

Galgalo, wa Biolojia, alikuwa kwenye chumba cha walimu akilalamika ng'ombe wa kwao wamepelekwa mbali kukimbia maji. Ni Muorma, ana maneno machache. Akanitazama nilivyonuna. "Buya, mkeo akipanda, wewe unashuka wapi?"

Nikamwambia aangalie ng'ombe wake.

Jumanne, 20 Mei

Nimefanya jambo baya. Nitaliandika lilivyokuwa.

Chumba cha kompyuta, saa tisa alasiri. Mvua imeacha, mtandao safi. Rukia amevaa ule mtandio wa kijani. Mimi nimekaa kando, nje ya kamera, eti nichunge umeme.

Alianza vizuri. Sauti imara. Profesa wake, mzee mwenye miwani, anatikisa kichwa kukubali. Mwingine ni mwanamume, aliandika tu. Wa tatu ni mwanamke, uso mkavu, haonyeshi kitu.

Akafika kwenye tando nyembamba. Akaonyesha nukta zilizotoroka. Yule mwanamke akauliza tofauti hii inatoka wapi. Rukia akasema, "Nina dhana, lakini nisingependa kuitaja kabla sijaipima."

Nikasikia anakwepa. Nikasikia hajui. Kisha nikamkumbuka Lukas na lile "kwetu". Muuza samaki. Kijiko.

Nikasogeza kiti. Uso wangu ukatokea kwenye skrini karibu na wake. Nikasema kwa Kiingereza changu bora kabisa, "Ni kioo." Nikaeleza yote, elektroni, utando mwembamba, zinavyogonga chini. Nilieleza kama ninayefundisha. Nilikuwa mzuri. Mungu anisamehe, nilijisikia mzuri.

Mzee wa miwani akainuka kidogo kitini. "Naam! Naam! Nani huyu?"

Rukia akasema, "Ni mume wangu. Ni mwalimu wa fizikia."

Yule mwanamke hakutabasamu. Akauliza, taratibu, "Basi wazo hili ni la nani?"

Nilingoja aseme ni langu. Halafu nikamtazama. Sijawahi kumwona na uso ule. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuwa amebeba mtungi njia nzima, akasukumwa mlangoni.

Akasema, "Nitaomba nijibu hilo kwa vipimo."

Wakaaga. Akazima laptopu. Akatangulia kutoka. Nimebaki nikizima kompyuta moja moja, ambazo hakuna aliyekuwa amezitumia.

Jumatano, 21 Mei

Hatuzungumzi. Saumu katuuliza kama tumegombana.

Nikasema hapana. Rukia akasema ndiyo.

Alhamisi, 22 Mei

Jibu limekuja. Hawajakataa, hawajakubali. Wanataka vipimo vipya, na wanataka aje ajitetee ana kwa ana, peke yake. Neno "peke yake" wameliandika.

Saumu alikuwa kwa jirani. Rukia alisimama mlangoni, hakuketi.

"Ile alama ya kuuliza uliyoiona," akasema, "ni ya Januari. Uliichungulia karatasi ya Januari."

Nikayatazama makaratasi mezani.

"Kioo nakijua tangu Machi. Lukas yuko maabara wiki hizi anaweka tabaka la metali nyingine katikati, dhahabu juu, kioo chini, tuone kama kupoa kutabadilika. Kukibadilika, basi ni kweli joto linatokea huko. Nilimwambia asimwambie profesa. Mwaka jana nilitangaza kitu kabla sijakipima, kikaanguka mbele ya watu wote. Niliapa sitarudia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ijumaa. Nilikutilia mchuzi nikakuambia kuna kitu nataka tubishane. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kunipinga, maana ukishindwa wewe kukivunja, hakivunjiki. Ulikuwa na mitihani."

Nikasema nitawaandikia maprofesa, nitaeleza.

"Utaeleza nini? Kwamba mkeo ana akili, na shahidi ni wewe?"

Nikamwambia basi. Nikasema nina wivu. Ndiyo mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni. Nilidhani litamshangaza.

"Najua," akasema. "Tangu siku ile Ujerumani waliponijibu mimi. Unadhani mimi sina? Saumu akianguka anaita baba. Akiota anaita baba. Mimi ananiamkia shikamoo kila asubuhi kama mgeni wa Idi. Kila siku niko kule nakuonea wivu wewe, na chai yako, na kijiko chako. Lakini sijawahi kuingia katikati yenu nikamwambia mtoto, mama ni mimi, huyu hajui."

Akaenda kumchukua Saumu kwa jirani. Atasafiri Jumapili. Anataka akakipime mwenyewe, kwa mkono wake, asiwepo mtu wa kuuliza ni cha nani. Zile siku za Juni zimekwisha. Nimezila mimi.

Jumapili, 25 Mei

Ameondoka kwa basi la Malindi, asubuhi. Maji yalikuwa kandokando ya barabara lakini bado inapitika. Mkwe alikuja na mchele, kilo nyingi mno kwa mtu anayepanda ndege. Hakuniuliza lolote. Alinitazama tu, na nadhani ameambiwa.

Saumu hakumlilia mama yake. Alinishika suruali akajificha nyuma ya mguu wangu. Rukia akainama kumbusu, mtoto akageuza uso. Nikaona Rukia anavyoliona hilo.

Nikamwinua Saumu nikamweka mikononi mwake. Akapiga mateke. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikasimama pale penye matope. Akapiga tena mateke, kisha akaacha. Kisha akamshika shingo. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Nikamwambia angoje.

Rukia alipanda mtandio ukiwa umelowa begani.

Nyumbani kiti changu kitupu, meza tupu. Nimekula nimeketi. Sikumaliza.

Jumatano, 28 Mei

Nimeandika barua pepe kwa yule profesa mwanamke, kisha nikaifuta. Rukia alisema nisiandike. Kumtii ni kazi ngumu kuliko kuandika.

Kidato cha Pili wamefanya jaribio la joto. Wengi wamekosa swali la kijiko. Nitalifundisha upya, labda kwa njia nyingine, sijui ipi.

Alhamisi, 5 Juni

Ujumbe mmoja tu kutoka kwake wiki hii, wa kuuliza kama Saumu amepona kikohozi. Nimejibu amepona. Nilitaka kuongeza mambo. Sikujua yaanzie wapi.

Najiuliza utando wake unasemaje. Sehemu yangu moja bado inaomba niwe nimekosea kuhusu kioo, ili sote tuwe tumekosea. Nyingine inaomba niwe nimepatia, ili niseme nilipatia. Sioni sehemu inayomwombea yeye tu. Nimeitafuta. Kesho kutwa ni Idi.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekatika. Nimefua, nimeanika.

Rukia amepiga simu mchana. Wamempa mwaka wake. Alisimama mbele yao peke yake na vipimo alivyovipima mwenyewe. Kwenye utando mwembamba kabisa, walipoweka ile metali katikati, elektroni zilipoa kwa mwendo mwingine kabisa. Kwenye ule mnene, karibu hakuna tofauti. Ni kioo, basi. Lakini si kioo tu, akasema, moto ukiwa mkali sana kuna kitu kingine ndani ya dhahabu yenyewe, elektroni zilizokuwa zimetulia ndani ya atomi huamka nazo zikaanza kugonga. Hilo bado hajalimaliza.

Nikamwambia hongera. Ilitoka vizuri. Wivu nao ulikuwepo, ulikuja nyuma yake kidogo tu. Nikamwambia hilo pia.

Kisha akasema atanitumia sura ya nne, kama sina mitihani.

Nikasema nitumie, nitaivunja nikiweza.

Akauliza habari za hapa. Nikasema nzuri tu, mto umeshuka, Galgalo amepata ndama. Basi? Basi.

Jino la Saumu la mbele limeng'oka leo asubuhi, ila hilo sikulitaja mimi. Amelifunga kwenye kipande cha kitambaa, amekuwa nalo mkononi tangu hapo, amelala nalo hata usingizi wa mchana. Nikamwita, nikampa simu.

Nikatoka uani kuanua nguo. Nilisikia Rukia akipiga kelele ya furaha kwenye simu, kisha Saumu akianza kusimulia, kwa pengo lake, tangu mwanzo, lilivyoanza kutikisika. Nguo zilikuwa zimekauka. Nilizikunja moja moja, shuka, sare yake ya shule, shati langu, na zilipokwisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikangoja wamalize.